Akiitwa gaidi, bado ni Mtanzania? Sheria ya ugaidi na uraia kwa lugha ya barazani

Jumatano moja baada ya alasiri nilikaa barazani na wazee wa Ngamiani, hapa Tanga, kwenye moja ya zile barabara zetu za namba. Redio ya muuza kahawa ilikuwa inasoma habari ya kesi ya ugaidi. Mzee mmoja, fundi baiskeli wa siku nyingi, akaweka kikombe chini, akanigeukia. "Mwanangu, wewe mambo ya sheria unayajua. Hivi mtu akishaitwa gaidi, bado ni Mtanzania yule, au ndio keshavuliwa?"

Sikuwahi kujibu. Mwenzake alidakia kwamba uraia unafutwa palepale polisi. Wa pili akapinga: anayefutiwa ni yule asiye na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Wa tatu akasema kwa sauti ya chini kwamba sheria ile ilitungwa kwa ajili ya Waislamu, na mengine yote ni maneno tu.

Ni majibu matatu, hakuna lililo sahihi, na kila moja limeshika chembe ya jambo la kweli. Mimi ni msaidizi wa kisheria, na swali la yule mzee huulizwa kwa sura nyingi: na mama mwenye kijana mahabusu, na dereva wa njia ya Horohoro, na kijana anayeogopa kuandika neno mtandaoni. Hofu hiyo inastahili majibu. Mkoa wetu una mpaka na Kenya, una ndugu waliotawanyika Vanga, Lungalunga na Mombasa, na una kumbukumbu ya Amboni.

Tuanze na maneno, maana hapo ndipo tunapopoteana.

Zamani neno gaidi lilikaribiana na haramia au mnyang'anyi: mtu anayevamia watu kwa nguvu na kuchukua mali zao. Siku hizi kisheria maana yake imehama. Jambazi anataka fedha yako, na akishaipata shida yake imekwisha. Gaidi, kwa maana ya sheria, anadhuru watu au mali ili kutia hofu kubwa katika jamii, kuishurutisha serikali ifanye au isifanye jambo, au kuvuruga misingi ya nchi. Bunduki inaweza kuwa ileile na damu ileile, ila kinachowatenganisha ni nia.

Mnakumbuka Februari 2015, risasi ziliporindima kwenye mapango ya Amboni, kilomita chache tu kutoka mjini. Mwanajeshi mmoja alipoteza maisha na askari wengine wakajeruhiwa. Mji mzima ulikuwa na swali moja: ni al-Shabaab, wale wapiganaji wa Somalia, au ni majambazi? Wengi tuliuliza kwa woga tu, lakini lilikuwa swali la kisheria hasa. Jibu la "majambazi" linampeleka mtu kwenye mlango mmoja wa mahakama, na jibu la "magaidi" linampeleka kwenye mlango mwingine kabisa, wenye kufuli nyingine.

Kuna maneno mengine mawili yanayochanganywa na ugaidi kila siku. Uhaini ni kosa la raia dhidi ya dola yake, kama kupanga kuipindua, na ni kosa la zamani sana lililomo kwenye Kanuni ya Adhabu. Mwanasiasa wa upinzani Tundu Lissu aliposhtakiwa Aprili 2025, shtaka lilikuwa uhaini, ingawa barazani nilisikia watu wakisema "ugaidi" bila kusita. Uchochezi nao ni maneno au maandishi yanayodaiwa kuamsha chuki dhidi ya serikali. Makosa haya yana vifungu tofauti, adhabu tofauti, na hata dhamana haiendi sawa. Mtu akikwambia ndugu yako kakamatwa "kwa mambo ya siasa", swali la kwanza la kuuliza ni moja: kosa lililoandikwa kwenye hati ya mashtaka ni lipi?

Sheria yenyewe ilikujaje

Tarehe 7 Agosti 1998 ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam ulilipuliwa na watu 11 wakafa. Siku hiyohiyo Nairobi walikufa zaidi ya 200. Wakati ule Tanzania haikuwa na sheria mahususi ya ugaidi. Miaka mitatu baadaye yakatokea mashambulizi ya Septemba 11 nchini Marekani, na kabla mwezi huo haujaisha Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likapitisha Azimio namba 1373, likizitaka nchi zote ziufanye ugaidi, na kuufadhili, kuwa kosa katika sheria zao. Bunge letu likatunga Sheria ya Kuzuia Ugaidi, namba 21 ya mwaka 2002. Uganda walitunga yao mwaka uleule. Kenya, ambako vifo vilikuwa vingi zaidi, walibishana karibu miaka kumi wakapata yao 2012.

Ninaitaja historia hii kwa sababu inaeleza kwa nini sheria imeandikwa kwa upana. Iliandikwa katika hofu ya dunia nzima, kwa haraka, na kwa maneno yanayofanana kutoka nchi moja hadi nyingine.

Wavuvi wa Deep Sea na Sahare wataelewa upana huo haraka kuliko wanasheria. Kuna wavu wa jarife wenye macho makubwa, unaokamata samaki mkubwa na kuwaacha wachanga wapite. Na kuna kokoro, linalozoa kila kitu, dagaa na mayai yake. Serikali inapiga marufuku kokoro kwa sababu hiyo. Sheria ya jinai inatakiwa iwe jarife: mtu ajue mapema tendo gani litamnasa. Maneno kama "kuvuruga kwa kiasi kikubwa misingi ya kisiasa, kiuchumi au kijamii" ni macho madogo. Yanaweza kumkamata anayetega bomu, na yakishikwa na mkono usio na kiasi, yanaweza kumfikia mtu aliyepanga mgomo.

Watunzi waliiona hatari hiyo. Ndani ya tafsiri ya ugaidi waliweka tundu la kupitia: tendo linalokatiza huduma, likifanywa katika maandamano au mgomo wa kazi, halihesabiwi ugaidi maadamu halikukusudiwa kuleta madhara yale makubwa ambayo sheria imeyataja. Kwa hiyo anayesema "kuandamana ni ugaidi" amekosea, na jibu limo ndani ya sheria yenyewe. Kazi inabaki kwenye hilo neno la kukusudia, maana nia haionekani kwa macho. Polisi wataisoma hivi, wakili ataisoma vile, na hakimu yuko mbali bado.

Sheria pia inamtaka mwenye taarifa kuhusu ugaidi aipeleke kwa vyombo vya dola, na inampa Waziri uwezo wa kumtangaza mtu au kundi kuwa mshukiwa wa ugaidi wa kimataifa. Hayo mawili hayamgusi mtu wa kawaida kila siku. Linalomgusa ni hili linalofuata, na hapa nitakaa zaidi.

Uhuru unapotea wapi hasa

Watu wengi wanadhani uzito wa sheria ya ugaidi uko kwenye adhabu. Kwa niliyoyaona, uzito uko kabla ya hukumu, katika miezi na miaka ya kungoja.

Mtu akikamatwa bila hati, utaratibu wa kawaida unataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au mapema iwezekanavyo ikiwa saa hizo haziwezekani. Hiyo "mapema iwezekanavyo" imevutwa kama mpira mara nyingi. Akifikishwa, husomewa mashtaka kwenye mahakama ya chini, ambayo kwa kosa la ugaidi haina mamlaka ya kusikiliza kesi. Hakimu husema maneno ambayo kila ndugu wa mahabusu anayajua kwa moyo: mshtakiwa hatakiwi kujibu kitu. Upande wa mashtaka husema upelelezi haujakamilika. Kesi inapigwa kalenda, itakuja kutajwa baada ya wiki mbili.

Kwa makosa mengi, kipindi hicho cha kungoja mtu anakipitia nyumbani, kwa dhamana. Dhamana ni ahadi yenye rehani: nakwenda kwangu, nitarudi siku mtakayoniita, na fulani anasimama kwa ajili yangu. Watu huichanganya na kuachiwa huru. Hapana, kesi iko palepale, ila mtu anaendelea kulisha watoto wake wakati serikali inatafuta ushahidi. Msingi wake uko kwenye Katiba, ibara ya 13, inayokataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa hilo mpaka ithibitike.

Kwa ugaidi, mlango wa dhamana umefungwa. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, katika kifungu kilichojulikana kwa miaka mingi kama 148(5), inaorodhesha makosa yasiyo na dhamana: mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, utakatishaji fedha, na ugaidi umo. Hakimu hapewi nafasi ya kumtazama huyu mtu na kupima kama atakimbia au hatakimbia. Jina la kosa linatosha. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Mwezi Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikakirudisha.

Sasa unganisha nyuzi mbili hizo. Tafsiri ni pana, na jina la kosa peke yake linafunga dhamana. Maana yake anayechagua jina la kosa, yaani mwendesha mashtaka, ndiye anayeamua kama mtu atalala kwake au rumande, tena kabla ya shahidi hata mmoja kusimama. Narudia jambo hili kila semina ya mtaa, kwa kuwa ndilo kiini cha habari yote.

Mifano miwili inajulikana na kila mtu. Freeman Mbowe, mwenyekiti wa chama cha upinzani CHADEMA wakati huo, alikamatwa Mwanza Julai 2021 akashtakiwa kwa makosa ya ugaidi pamoja na wenzake watatu. Februari 2022 mahakama ilisema wana kesi ya kujibu. Tarehe 4 Machi, kabla hawajaanza kujitetea, Mkurugenzi wa Mashtaka akasema hana nia ya kuendelea, wakatoka. Ni zaidi ya miezi saba. Masheikh wa Uamsho, jumuiya ya Kiislamu ya Zanzibar, walishtakiwa kwa ugaidi mwaka 2014 na wakakaa ndani hadi Juni 2021, mashtaka yakaondolewa. Katika kesi zote mbili hakuna hukumu iliyotolewa ya kusema wana hatia, wala ya kusema hawana.

Na hapo pana jambo linalowapita wengi. Mashtaka yakiondolewa na Mkurugenzi wa Mashtaka, sheria haisemi mtu huyo kashinda kesi. Imesema tu serikali imeacha, kwa sasa. Miaka iliyopita ndani hairudi.

Sitaki msomaji adhani hatari haipo. Walioishi Kibiti, Rufiji na Mkuranga kati ya 2015 na 2017 walizika wenyeviti wa vijiji na watendaji, na Aprili 2017 askari polisi wanane waliuawa siku moja Kibiti. Watu wa hapa Tanga wanakumbuka Mei 2016, Kibatini, waliochinjwa usiku. Wafiwa wale wanayo haki ya kutaka dola iwe na meno. Ninachodai mimi ni kwamba hakimu apewe nafasi ya kuangalia meno hayo yanamng'ata nani.

Sasa uraia

Turudi kwa swali la fundi baiskeli. Sheria ya Uraia ya 1995 inatambua njia tatu za kuwa raia. Ya kwanza ni kuzaliwa, ambayo kwa vitendo huangaliwa mzazi. Ya pili ni kurithi: umezaliwa nje, mzazi wako ni Mtanzania. Ya tatu ni tajnisi, yaani mgeni aliyeomba akakubaliwa.

Fikiria ardhi. Raia wa kuzaliwa ni kama mwenye shamba la ukoo, mwembe aliupanda babu yake. Raia wa tajnisi ni kama aliyepewa kiwanja cha mjini kwa hati yenye masharti. Wote wana haki ya kulima na kujenga, lakini mmoja anaweza kuandikiwa barua ya kufutiwa hati.

Ndivyo sheria ilivyo. Raia wa tajnisi, Waziri anaweza kumvua uraia kwa sababu kama vile kuupata kwa udanganyifu, au kuonyesha kwa matendo au maneno kwamba si mwaminifu kwa nchi. Raia wa kuzaliwa havuliwi uraia kwa kosa la jinai. Aibe, aue, apatikane na hatia ya ugaidi: atafungwa, na atabaki Mtanzania aliyefungwa. Polisi hawana mamlaka ya kumfuta. Na namba ya NIDA haimfanyi mtu kuwa raia. Inathibitisha tu kwamba ameandikishwa, kama kadi ya kliniki isivyomzaa mtoto.

Basi, jibu fupi kwa mzee: bado ni Mtanzania.

Jibu refu lina miiba. Mkoani kwetu, kule Chogo, Handeni, wako Wazigua waliotoka Somalia. Mababu zao walichukuliwa utumwa kutoka pande hizi karne ya 19, wakaishi huko vizazi, na vita vya 1991 vilipowafukuza walirudi wakiwa bado wanazungumza Kizigua. Wengi wao wamepewa uraia kwa tajnisi. Wazigua wenzao wa kijiji cha jirani wana shamba la ukoo. Hawa, kisheria, wana hati. Mababu ni walewale, ila ulinzi wao haulingani. Vivyo hivyo kwa wale Warundi wa 1972, zaidi ya 162,000, waliopewa uraia mwaka 2014. Neno "si mwaminifu kwa nchi" linapokaa jirani na neno "ugaidi", ndio wa kwanza kulisikia baridi lake.

Mwiba wa pili ni mbinu. Raia wa kuzaliwa hawezi kuvuliwa, lakini anaweza kuambiwa hakuwahi kuwa raia. Kuna Mtanzania mmoja aliyekwenda polisi Babati kufuatilia mambo ya ndoa yake mwaka 2012, uraia wake ukatiliwa shaka, pasipoti ikazuiwa. Mwaka 2014 akasukumwa Kenya. Kenya nao wakamrudisha, na Tanzania haikumpokea. Akabaki katikati ya mipaka, Sirari, kwenye kipande cha ardhi kisicho cha mtu. Kesi yake ilifika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha. Machi 2018 mahakama ilisema amenyang'anywa uraia kiholela, na kwamba mtu akiwa na nyaraka za uraia, mzigo wa kuthibitisha kwamba si raia unabebwa na serikali. Ikaiagiza Tanzania irekebishe sheria ili mtu anayebishaniwa uraia wake apate pa kwenda mahakamani.

Kesi ile haikuwa ya ugaidi, na ndiyo sababu nimeileta. Inaonyesha mlango ulipo. Siku mtu atakapotakiwa kuondolewa kwa sababu za usalama, hahitaji kuvuliwa kitu. Inatosha kuulizwa babu yako alizikwa wapi. Na njia ile ya Arusha imekuwa nyembamba zaidi, kwa sababu Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililoruhusu mtu binafsi kwenda moja kwa moja kwenye mahakama hiyo.

Nje ya kwetu wamekwenda mbali zaidi. Uingereza ilimvua uraia Shamima Begum Februari 2019. Alizaliwa London, akaondoka na miaka 15 kwenda Syria kwa kundi la Dola ya Kiislamu. Hoja ya serikali ilikuwa kwamba kwa asili ya wazazi wake anahesabika raia wa Bangladesh. Bangladesh ikasema haimtambui. Mahakama zao zimeuacha uamuzi usimame. Ufaransa, baada ya mashambulizi ya Paris ya 2015, Rais Hollande alitaka Katiba iruhusu kuwavua uraia wazaliwa wenye uraia wa nchi mbili, mjadala ukaipasua serikali yake, na Machi 2016 akaachana na mpango huo. Swali lililowashinda Wafaransa ni rahisi kulisema: watu wawili wametega bomu moja, mmoja mama yake ni Mfaransa, wa pili mama yake ni Mmoroko. Kwa nini mmoja afungwe tu na mwingine afungwe na kufutwa?

Jirani zetu Kenya wametufundisha upande mwingine. Aprili 2014, baada ya mashambulizi, maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walizolewa Nairobi na kuchujwa kwenye uwanja wa Kasarani, na raia wa Kenya wakiwemo. Mwishoni mwa mwaka huo bunge lao likapitisha marekebisho makali ya sheria za usalama. Februari 2015 Mahakama Kuu ya Nairobi ikafuta vifungu vinane, kimojawapo kikiwa cha kuweka kikomo cha wakimbizi 150,000. Anayesema mahakama haiwezi kugusa sheria ya usalama, atazame pale.

Kwa watu wa mpakani

Ndugu zangu wa Mkinga, Moa na Jasini, ugaidi hautawapotezea uraia. Kitambulisho cha pili kinaweza. Kenya inaruhusu uraia pacha tangu Katiba yao ya 2010. Tanzania hairuhusu kwa mtu mzima. Mdigo au Msegeju aliyechukua kwa hiari uraia wa Kenya ili apate kazi Mombasa, kwa sheria yetu ameupoteza wa Tanzania siku hiyo, hata kama mwembe wa babu yake uko Duga. Mtoto aliyezaliwa na uraia wa pande mbili, akifikisha miaka 18 sheria inamtaka achague. Niwaambie ukweli, nimeona familia nyingi zinazoogopa neno ugaidi redioni huku vitambulisho viwili vimelala kwenye droo moja.

Fedha nalo ni jambo la kusema kwa kifupi. Kufadhili ugaidi ni kosa, na ndiyo moja ya sababu wakala wa simu na benki wanakuuliza maswali ambayo baba yako hakuulizwa. Kuchangia msiba, msikiti, kanisa au harusi ya ng'ambo ya mpaka si kosa. Ila mchango ukikusanywa kwa ajili ya mtu msiyemjua, wekeni orodha: nani katoa, kiasi gani, kimekwenda kwa nani.

Na yule mzee wa tatu, aliyesema kwa sauti ya chini? Ndani ya sheria hakuna neno Mwislamu. Gaidi wa dini yoyote au asiye na dini ni gaidi. Nikimwambia hivyo na kunyamaza, nitakuwa nimemjibu karatasi, sikumjibu yeye. Yeye anahesabu majina aliyoyasikia redioni miaka yote hii, na anamkumbuka kijana wa mtaa wao aliyehojiwa kwa sababu alisoma nje na ana ndevu. Sheria inayotegemea kusoma nia ya mtu humpa anayekamata nafasi ya kuisoma kwenye kanzu. Anayetaka kumtoa mzee yule wasiwasi, aanze na namna watu wanavyokamatwa.

Ndugu yako akichukuliwa, andika. Siku, saa, gari, kituo, jina la askari aliyezungumza nawe. Uliza kosa ni lipi na uliandike kama lilivyotamkwa. Tafuta wakili au msaidizi wa kisheria mapema, maana sheria ya 2017 inawatambua wasaidizi hawa na huduma yao haina malipo. Weka pamoja cheti chake cha kuzaliwa, vya wazazi, cha shule, barua ya serikali ya mtaa. Usitie saini karatasi usiyoisoma.

Hili la kuandika nimefundishwa na mama mmoja anayeuza vitumbua. Mwanawe alikaa mahabusu kwa shtaka lisilo na dhamana. Daftari lake lilikuwa lilelile la wateja: mbele madeni ya vitumbua, nyuma tarehe za mahakamani. Kila mstari alichora kwa rula, akaandika siku, nauli, na neno moja, "haijakamilika". Kurasa zilikuwa zimelainika kwa mafuta, zikapenya mwanga. Nilipohesabu, mistari ilivuka 40.

Siku mashtaka yalipoondolewa tulitoka pamoja. Kijana alikuwa amekonda, anatembea akitazama chini. Mama akanivuta pembeni, akafungua daftari, akanipa kalamu. Mwenye bodaboda aliyokuwa akiendesha mwanawe hataki kumrudishia, alisema, anataka kuona maandishi. Nikaandika kwa Kiswahili kilicho wazi kwamba mashtaka yameondolewa mahakamani, na kwamba hakuna mahakama iliyomtia hatiani. Akasoma taratibu kwa kidole. Akaniomba niongeze tarehe na saa.